Theluji Niliyoitoa Mashuani

Wiki iliyopita binti yangu alitia roli ya pamba ndani ya kikapu chetu, katika duka moja hapa Mamboleo, Kisumu, nami nikaitoa nikairudisha rafuni. Akaitia tena. Nikaitoa tena. Mwenye duka akatukodolea macho kama kwamba tunagombania dawa ya mgonjwa.

"Mama, ni ya mti," binti yangu akasema. "Ni theluji."

Nikamwambia sisi kwetu hatuweki theluji kwenye mti, tunaweka bati. Akaguna, maana ana umri ule wa kuguna, akaenda zake upande wa biskuti. Lakini karatasi ya ile roli ilikuwa imechanika pembeni, na harufu ya pamba ilikuwa imeshaniingia puani. Watu husema pamba haina harufu. Inayo. Ni harufu kavu, ya mahali ambapo maji hayajafika. Nilisimama pale na kikapu changu mkononi, na Usenge yote, kijiji cha utoto wangu kando ya ziwa, ikanijia.

Kwetu Krismasi ilianza na harufu ya samadi. Msicheke, nyinyi wenzangu mliokulia nyumba za udongo mnajua ninachosema. Mama alichanganya samadi mbichi na majivu na udongo, akapiga magoti, akaanza kukandika sakafu kuanzia ukutani akirudi nyuma kuelekea mlangoni, na mkono wake ukaacha michoro ya nusu duara iliyopangana vizuri hadi kizingitini. Hakuna aliyeruhusiwa kuingia mpaka ikauke. Tulikaa nje tukichungulia, nyumba ikiwa giza na baridi na mbichi, na ilionekana kubwa kuliko siku zote. Baadaye kuta zilipakwa udongo mwekundu juu, na chini ukapita mstari wa udongo mweupe kuzunguka nyumba nzima. Nyumba ilikuwa imevaa soksi, nilikuwa nikiwaambia watoto wenzangu.

Halafu vitambaa. Mama alikuwa mfumaji, na vitambaa vyake vya kochi vilikaa sandukuni mwaka mzima vikingoja siku hiyo. Alivifua, akavichovya kwenye maji mazito ya muhogo, akavianika juu ya ua, na vilipokauka viliweza kusimama vyenyewe. Kurasa za kalenda za miaka iliyopita zilibandikwa ukutani kwa uji. Mimi kazi yangu ilikuwa maua. Nilishuka ziwani asubuhi nikachuma maua ya gugu maji, yale ya zambarau yenye jicho la manjano katikati, nikayatia kwenye chupa za soda. Watu wazima walililaani gugu hilo kutwa kucha kwa kuziba njia za mashua. Mimi nilidhani Mungu alilileta kwa ajili ya chupa zetu. Kufika jioni maua yalikuwa yamelala shingo, na kesho yake nilirudi kuchuma mengine. Hayo yote hayakutugharimu hata senti, na mpaka leo sijaona nyumba iliyopendeza kama ile, na nimeingia nyumba za watu wenye taa za rangi kutoka getini hadi chooni.

Lakini mwaka ninaousema sikuiona hivyo. Mwaka huo macho yangu yalikuwa yameharibika, na aliyeyaharibu ni Anti Rose.

Anti Rose alikuwa dada yake Baba. Aliuza nguo za mitumba katika soko la Kibuye na alikuwa na chumba chake mjini Kisumu, na Krismasi iliyotangulia tulikuwa tumeenda kula kwake. Kwenye kona ya chumba alisimamisha tawi la saiprasi ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia uliojazwa mawe, mkebe wenyewe ukiwa umevishwa karatasi inayong'aa. Na juu ya tawi, kutoka kileleni hadi chini, alikuwa amelaza pamba, ameivuta ikawa nyembamba hadi unaona kijani kupitia kwake. Nilikuwa sijawahi kuona kitu kama hicho. Nilikisogelea taratibu nikiwa nimeshika pumzi.

"Anti, hii ni nini?"

"Theluji."

"Theluji ni nini?"

Alikuwa juu ya stuli akifunga puto, akanijibu bila kugeuka. "Ni kitu ya Krismasi. Krismasi ya kweli lazima hiyo kitu ikuwe."

Basi. Nilirudi Usenge na neno hilo moja, nikalitunza mwaka mzima. Krismasi zetu zote za nyuma, kumbe, hazikuwa za kweli. Desemba ilipofika nikamuuliza Mama theluji yetu iko wapi. Alikuwa na udongo hadi viwikoni. "Hiyo muulize anti yako," akasema. "Hapa tuko na udongo. Hebu lete maji."

Sasa, baba yangu alikuwa fundi wa mashua. Alizijengea kando ya ufuo, chini ya kibanda kilichoezekwa kwa mafunjo, karibu na pale akina mama walipoanika omena, wale dagaa wa ziwani. Hakuwa mkali ila maneno yake yalikuwa machache, na akiwa kazini yalikwisha kabisa kwa sababu mdomo ulijaa misumari midogo. Watu walikuja kutoka visiwani kumtafuta. Walisema mashua ya fundi huyu haitoi jasho. Mwezi huo alikuwa akimalizia mashua kubwa ya mama mmoja wa kisiwa cha Mageta, mnunuzi wa omena, mtu wa kanisa sana, aliyekuwa ameahidi kwamba safari ya kwanza ya mashua hiyo itakuwa ya Mungu: ingeibeba kwaya yetu kwenda kuimba Mageta asubuhi ya Krismasi. Mama yangu aliimba katika kwaya hiyo.

Siku moja nilimpelekea Baba uji wake wa saa nne. Nilipozunguka kibanda nikasimama kama niliyegonga ukuta. Mashua ilikuwa imeinuliwa juu ya magogo, na katikati ya kila ubao na mwenzake kulikuwa na mstari mweupe. Mweupe pee, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, mistari minne, mitano, upande wote. Baba alikuwa ameinama na patasi na nyundo, tok, tok, tok, akiongeza mwingine. Aliichota ile theluji kutoka kwenye gunia, akaisokota kidogo kiganjani, akaiingiza taratibu. Mikono yake mikubwa sikuwahi kuiona ikishika kitu kwa upole namna hiyo. Na alipomaliza mstari mmoja, alichukua ukanda wa bati aliokata kutoka kwenye mikebe ya mafuta, unaong'aa kama dhahabu kwa upande wa ndani, akaupigilia juu yake.

Jamani, wivu ulinishika hadi macho yakauma. Niliweka uji chini nikaondoka bila hata kuaga. Baba anarembesha mashua ya watu! Theluji anayo, gunia zima, na dhahabu juu, na sisi watoto wake tumekaa na udongo. Tena hata kuirembesha hajui, maana anaitandaza theluji halafu anaifunika na bati isionekane. Kitu kisichoonekana kina faida gani kwa mtu? Hivyo ndivyo nilivyojadiliana na nafsi yangu njia nzima, na kufika nyumbani nilikuwa nimeshashinda kesi.

Ningeweza kumuuliza. Nimejiambia hivyo mara nyingi tangu ukubwani. Neno moja tu lingetosha. Lakini mtoto anayeamini ameonewa haulizi, anatafuta haki yake.

Kesho yake, jua lilipokuwa utosini na Baba ameenda kula, nilichukua sindano ya Mama ya kufumia, ile yenye ndoano, nikaenda kibandani. Gunia lilikuwa tupu. Basi nikapanda ndani ya mashua, nikatambaa hadi mbele kabisa, pale mbao zinapokutana, pembe nyembamba ambayo mtu mzima hawezi kuingiza hata kichwa. Ndani mle kulikuwa na joto na kimya, na harufu ya mbao mbichi. Mwanga uliingia kwa nyufa ukiwa mwembamba na mweupe kwa sababu ya pamba. Nilihisi niko ndani ya yai. Nikaingiza ndoano, nikavuta, na theluji ikaja. Ilikuja polepole, ndefu, laini, haikatiki, nami nikaendelea kuvuta huku nikiikusanya kwenye sketi, mstari mmoja, kisha kipande cha wa pili. Kwa nje ziliachwa nyuzi chache zilizobanwa na mbao, hata ungedhani hakuna kilichoguswa. Alasiri hiyohiyo Baba akapigilia bati juu ya pale. Nilikuwepo, nikamtazama akipigilia, na moyo wangu ulikuwa umetulia kabisa.

Mlinzi wa shule alinikatia tawi la saiprasi kutoka kwenye ua. Nikalisimamisha ndani ya mkebe wa mchanga, kando ya kochi, na nikaivuta ile pamba kama nilivyoona kwa Anti, ikawa nyembamba hadi kijani kikaonekana kupitia kwake. Mama alipoingia alisimama mlangoni.

"Wololo, Awuor! Hii umefanya wewe?"

Aliita jirani. Jirani akaita mwingine. Watoto walikuja wakakaa sakafuni, wakautazama mti kama watu walio kanisani, na mmoja akaomba kuushika nikamwambia anawe mikono kwanza. Sikuwahi kuwa mtu mkubwa kiasi hicho, na sidhani nimewahi kuwa tena.

Baba alirudi jioni. Aliusogelea mti, akaishika pamba kati ya vidole viwili, akaisugua kidogo.

"Hii pamba umetoa wapi?"

"Anti alinipa. Mwaka jana."

Alinitazama. Ningependa kusema aliujua ule uongo, lakini nadhani alikuwa amechoka tu. "Ni mzuri," akasema. Kutoka kwake hilo lilikuwa hotuba. Nilifurahi hadi nikashindwa kula.

Waliijaribu mashua ziwani siku mbili kabla ya Krismasi. Ikiwa tupu ilielea juu juu, pua yake hewani, na mstari nilioutoa haukugusa hata tone. Watu wakampigia Baba makofi. Wakaipaka rangi nyeupe na buluu.

Asubuhi ya Krismasi ziwa lilikuwa tulivu na lenye rangi ya maziwa, huoni mahali maji yanapoishia na mbingu kuanza. Kwaya ilishuka ufuoni na gauni zao za buluu, kola zimetiwa wanga na mama yangu, kola zote, alifanya kazi hiyo siku tatu. Walianza kuimba hata kabla ya kupanda. Mimi nilisimama karibu na Baba, ambaye alikuwa amevaa shati lake jeupe la pekee, mikono nyuma, akitazama mashua yake kama mtu anayesoma barua. Nilimwonea huruma kidogo. Kazi yote ile nzuri ilikuwa imefunikwa.

"Baba, mbona ulifunika theluji yote?"

"Theluji gani?"

"Ile nyeupe. Ile uliweka kwa boti."

Akacheka, kicheko chake cha puani. "Hiyo ni pamba, nyara." Nyara ni binti yangu, kwa Kijaluo, na hakuniita hivyo kila siku. "Haiwekwi ati ipendeze. Inaziba. Mbao mbili haziwezi kushikana kabisa, hata fundi akuwe nani. Bila pamba, maji inaingia."

"Na bati?"

"Bati ni ya kushikilia pamba. Bati peke yake haiwezi kitu."

"Na pamba ikitoka? Kidogo tu?"

"Ikitoka, boti tupu haiwezi kuonyesha. Lakini watu wakijaa, boti inashuka. Hapo maji inapata mlango."

Nilitazama. Watu walikuwa wakijaa. Walipandishwa mmoja mmoja wakishikwa mkono, wanacheka, wananyanyua gauni zisilowe, na kila aliyepanda mashua ilishuka kidogo. Mama yangu alikuwa ameshaketi. Alikuwa ameketi mbele kabisa, juu ya ile pembe.

Mtu mzima angesema pale pale. Mimi nilikuwa na miaka minane na uongo mmoja tumboni, na akilini mwangu kulikuwa na njia moja tu: nikiirudisha theluji, hakuna atakayejua iliwahi kutoka. Nikakimbia. Nyumba yetu ilikuwa juu kidogo ya ufuo. Niliingia na miguu ya mchanga kwenye sakafu ya Mama, nikaukwanyua ule mti kwa mikono miwili, pamba na majani pamoja, nikajaza kifuani mwa gauni langu jipya, nikatoka. Mkebe ulianguka nyuma yangu nikausikia.

Nilipofika chini injini ilikuwa imeshawaka na mashua imeondoka. Haikuwa mbali. Ningeweza kumtambua Mama kwa jinsi anavyotingisha kichwa akiimba. Niliingia majini na nguo zangu za Krismasi, hadi magotini, hadi kifuani, nikiwa nimeinua pamba juu ya kichwa kwa sababu nilijua haitakiwi kulowa. Nikapiga kelele. "Mama! Mama, theluji!" Wale kwenye mashua waliniona, wakanipungia mkono. Kwaya nzima ilinipungia mkono ikiimba, na Mama alinipungia kuliko wote.

Mkono ulinishika kwapa ukaninyanyua. Ulikuwa wa Baba. Alitazama uso wangu, kisha akatazama nilichoshika. Kwenye pamba kulikuwa na majani ya saiprasi, na chini ya majani ilikuwa bado na yale mapindo iliyoyapata kwa patasi yake. Fundi anaijua kazi ya mkono wake.

"Wapi?"

"Mbele. Kwa ndani. Hapo Mama amekaa."

Hakuuliza la pili. Nilikuwa sijui kwamba baba yangu ana sauti. Alivua shati lake jeupe, akalizungusha hewani akiita, na sauti ile ikapita juu ya injini na juu ya wimbo: "Rudisha boti! Rudisha!" Na wakati uleule wimbo ukakatika, sauti za mbele kwanza, halafu za katikati, halafu za nyuma. Nikamwona Mama akisimama ghafla na kushika gauni lake. Mtu akapiga ukelele. Mashua ikayumba, ikageuka taratibu mno, pua yake imeinama, ikaanza kurudi, na muda iliochukua kurudi sijui kuupima hata leo. Najua tu kwamba Baba alinibana ubavuni mwake.

Walipofika, maji ya mbele yalikuwa yamepita vifundo vya miguu. Gauni la Mama lilikuwa limelowa hadi magotini. Wanaume waliivuta mashua nchi kavu, kwaya ikakaa juu ya marundo ya nyavu, wengine wakiomba, wengine wakikamua nguo. Mama wa Mageta, mwenye mashua, alimjia Baba. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Fundi. Hii ni nini?"

Nilifungua mdomo. Baba aliweka kiganja chake juu ya kichwa changu, kizito, akanijibia.

"Ni makosa yangu," akasema, mbele ya watu wote. "Nilisahau kuweka pamba hapo."

Nilikuwa mdogo lakini sikuwa mjinga. Fundi wa mashua kusema amesahau pamba ni sawa na mpishi kusema amesahau moto. Niliona nyuso za watu. Niliwaona wale waliompigia makofi siku mbili zilizopita wakitazamana. Yeye alikuwa ameshachuchumaa, akabandua bati kwa patasi, akanyoosha mkono nyuma bila kunitazama.

"Nipe."

Nikampa, kipande kwa kipande. Hakuyachambua majani ya saiprasi, aliyashindilia humohumo. Tok, tok, tok. Mara moja nyundo ilimgonga kidole gumba, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Akalirudisha bati, akapigilia hadi msumari wa mwisho.

Halafu akaniinua, akaniweka ndani ya mashua, mbele kabisa, chini ya kiti cha Mama, ndani ya ile pembe ya yai. Naye akapanda. Akauchukua mkono wangu, akautandaza juu ya ule mstari.

"Weka mkono hapo. Ukisikia maji, sema. Usingoje."

Ndivyo nilivyoenda Mageta. Wengine walionisimulia safari hiyo baadaye walisema ziwa lilikuwa zuri, kulikuwa na ndege weupe, kwaya iliimba wimbo mmoja mara nne kwa sababu ya woga. Mimi niliona ubao tu. Lakini niliusikia upande wa pili wa ubao, maji yakipita, yakigongagonga polepole, yakiuliza kama kuna njia. Kiganja changu kilikuwa kati ya ziwa lote na mama yangu. Juu yangu miguu yake ilikuwa imelowa na alikuwa akiimba, na kila baada ya muda mkono wake ulishuka ukanigusa nywele. Alichomoa kitu humo. Lilikuwa jani la saiprasi. Akalitazama, akanitazama, akaliweka ndani ya kitabu chake cha nyimbo, akaendelea kuimba. Nadhani nilisinzia macho wazi. Nakumbuka buluu, na mbao, na mkono wangu uliokuwa ukinifia ganzi na ambao nisingeuondoa kwa chochote.

Pua ya mashua ilipogusa mchanga wa Mageta, Baba aliinama akachungulia.

"Maji iko?"

"Hakuna, Baba."

Akaushika mkono wangu, akaugeuza, akakigusa kiganja kwa shavu lake kuhakikisha.

Sikupigwa. Nilingoja kupigwa hadi mwaka mpya, na ingekuwa nafuu. Tuliporudi mti ulikuwa umelala sakafuni umekwanyuka, na Mama akayafagia majani yake pamoja na mchanga wangu. Kesho yake asubuhi Baba akausimamisha. Alikaa kizingitini na mkasi wake wa bati na mabaki ya ile mikebe ya mafuta, akakata nyota, upande wa ndani wa dhahabu ukiangalia nje, akazitoboa kwa msumari na kuzifunga kwa uzi wa nyavu. Upepo wa ziwa ulipoingia ziligongana kidogo, sauti nyembamba, na vidoa vya mwanga vikatembea kwenye udongo mwekundu wa Mama. Tangu siku hiyo mti wetu ulikuwa wa bati.

Nilikuwa mtu mzima tayari Anti Rose aliponiambia kwamba mwaka uliofuata watu wawili wa visiwani walimpelekea fundi mwingine mbao zao. Baba hakulitaja kamwe. Kilichobaki kati yetu ni lile swali. Nilipoolewa nikahamia huku, alikuwa akinipigia simu Jumapili na kabla ya salamu anauliza, "Maji iko?" Nami nasema hakuna, halafu tunaongea mambo mengine, au tunanyamaza, maana alinyamaza hata kwenye simu. Mwaka ndoa yangu ilipovunjika nilisema hakuna kwa wiki tatu. Wiki ya nne nikasema, "Iko, Baba." Kesho yake saa nne alikuwa mlangoni kwangu na begi lake la vifaa, kana kwamba kulikuwa na kitu cha kugongelea. Alikaa mwezi mzima. Alirekebisha milango yote.

Nyota ninazo zote, zimepata kutu kidogo kwenye matundu. Juzi binti yangu, baada ya kununa vya kutosha, alizitundika mwenyewe, akasema angalau ziko tofauti na za watu. Krismasi hii ni ya kwanza bila ile simu.

Mwaka huu, kabla ya mvua kubwa, nilienda kumwona Usenge. Alikuwa amelala upande wa dirishani, amekonda, mikono tu ndiyo iliyobaki mikubwa. Daktari alikuwa ameshatuambia lake, na yeye alikuwa amemwambia kila aliyeingia kwamba hajambo, anaendelea vizuri. Nilivuta stuli nikakaa. Safari hii nikauliza mimi, kwa mara ya kwanza.

"Baba, maji iko?"

Alitazama dirishani. Ziwa lilikuwa linaonekana.

"Iko," akasema. "Kidogo."

Nikatandaza mkono wangu kifuani pake, nikauacha hapo.